Uzi wa Mjalidi

Mzee aliiweka juzuu mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Tulikuwa ghorofani, Mji wa Kale, Mombasa, dirisha likiwa wazi na upepo wa kusi ukiingia na harufu ya bahari. Ngozi ya mgongo wa kitabu ilikuwa imeanza kugeuka vumbi jekundu, lile linalobaki vidoleni na kwenye mikono ya shati. Jalada la mbele lilikuwa limeshikiliwa na nyuzi mbili tu. "Ushike mgongo kwanza, mwanangu," aliniambia, "ndipo ufunue." Nikaushika, nikafunua. Mdudu alikuwa ametoboa tundu dogo la mviringo kuanzia jalada, likapenya Oktoba, Novemba, Desemba na Januari, likaishia katikati ya Februari. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa kwa herufi kubwa: The Theosophist, Bombay, Oktoba 1879.

Nimeyapenda majarida ya ghaibu kwa miaka mingi, nami si mfuasi wa walioyaandika. Ninachokipenda ni kule kubaki kwake. Majarida haya hayakutengenezwa yadumu. Yalitoka kila wiki au kila mwezi kwa karatasi rahisi, yakasomwa, kisha yakafungiwa nyama na kuwashia majiko. Yaliyotufikia yametufikia kwa sababu kila mara alitokea mtu aliyekataa kuyatupa, akayapanga kwa tarehe, akayapeleka kwa mjalidi yatiwe uzi na gundi. Historia ya majarida haya ni historia ya watu hao, na wengi wao hawakuacha hata jina.

Mambo yalianzia shambani. Mwezi Machi 1848, katika nyumba ndogo ya mbao huko Hydesville, jimbo la New York, mabinti wawili wa familia ya Fox, Kate na Maggie, walisema wanasikia kitu kikigonga ukutani usiku, na kwamba kinajibu wakiuliza. Majirani wakaja, wakauliza, wakajibiwa kwa milio ya kugonga. Miaka michache baadaye miji mingi ya Marekani ilikuwa na watu waliokaa gizani kuzunguka meza wakingoja wafu waseme. Mtu ambaye roho ilisema kupitia kwake walimwita kwa jina la Kilatini. Watu wa pwani yetu wangemwita kiti, na wangeelewa mara moja shughuli yenyewe ilivyokwenda: roho yapanda, yataja jina lake, yasema lililoileta.

Wafu wakisema, lazima pawe na wa kuandika. Mwaka 1852 likaanza New York gazeti la kila wiki lililoitwa Spiritual Telegraph. Mchapishaji, Charles Partridge, alikuwa mtengenezaji wa viberiti, na mhariri, S. B. Brittan, alikuwa amewahi kuwa mchungaji wa kanisa. Jina hilo walilichagua kwa makusudi. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Samuel Morse apeleke ujumbe wake wa kwanza kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, na watu walikuwa bado wanastaajabu kwamba chuma kikigongwa huku kinasikika kule. Kama waya unaweza kuvuka nchi, walihoji, kwa nini usivuke kaburi? Partridge na Brittan waliona mapema kwamba gazeti hupotea, kwa hiyo wakaanza kukusanya makala zake na kuzichapa upya katika mfululizo wa vitabu. Ni miongoni mwa watu wa kwanza katika historia hii kuogopa usahaulifu.

Ninalolipenda kuliko yote ya Marekani ni Banner of Light, lililozaliwa Boston mwaka 1857 na kufa 1907. Nusu karne ya matoleo ya kila wiki! Juzuu zake ni pana, nzito, na ukizifunua sasa kingo za kurasa hukatika kama kaukau. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa barua za wafu. Mama mmoja aitwaye Conant alikaa kwenye baraza la wazi lisilo na kiingilio, na roho zikapanda moja baada ya nyingine. Mwandishi akanakili, gazeti likachapa. Hazikuwa roho za wafalme peke yao. Walikuwepo mabaharia, watoto, wapishi, watumwa wa zamani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari wakajaa ukurasa ule. Kila mmoja anataja jina, kikosi, mji wa kwao, mara nyingine jina la mke, na anaomba mtu awaambie nyumbani kwamba hakuumia sana mwishoni.

Sina haja ya kuamini kwamba ni marehemu waliosema ili nione kilichomo mle. Mama aliyepotelewa na mwana huko Virginia, asiye na kaburi la kuzuru, alikuwa akifungua gazeti lile kila wiki na kuteremka na kidole chake safu kwa safu. Huzuni hiyo imo kwenye karatasi. Ndiyo sababu siku hizi hata wanahistoria wa vita na watu wanaotafuta nasaba zao huzitafuta juzuu za Banner of Light.

Na nyingi hazipatikani kirahisi, kwa sababu ya moto. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago iliwaka, na pamoja nayo ofisi ya Religio-Philosophical Journal, gazeti kubwa la harakati hizo upande wa magharibi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1872, ikawaka Boston, na ofisi ya Banner of Light ikaenda. Magazeti yote mawili yalisimama tena. Lakini akiba ya matoleo ya zamani haiwezi kuchapwa upya kwa moyo wa ushujaa tu. Miaka ya kabla ya mioto ile tunaisoma leo kwa hisani ya wasomaji waliokuwa wameweka nakala zao majumbani.

Adui wa pili alikuwa ndani ya karatasi yenyewe. Hadi katikati ya karne ya 19 karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, nayo ni karatasi isiyozeeka upesi. Magazeti yalipozidi, matambara hayakutosha, viwanda vikageukia miti iliyosagwa. Karatasi hiyo ni rahisi lakini ina asidi, na asidi huila polepole: kwanza huwa manjano, kisha kahawia, kisha haikunjiki tena. Jarida la 1855 mara nyingi ni jeupe kuliko la 1895, jambo linalomshangaza kila anayeanza kukusanya.

Ufaransa mambo yalikwenda kwa mpango zaidi. Hippolyte Rivail, mwalimu mzaliwa wa Lyon, alijipa jina la Allan Kardec, na Januari 1858 akaanzisha Paris jarida la kila mwezi, Revue Spirite, kwa fedha zake mwenyewe. Kardec alikuwa na akili ya mwalimu. Kila mwaka aliuhesabu kuwa kitabu kimoja chenye kurasa zinazofuatana na faharasa yake, ili Desemba ikiisha msomaji ajue la kufanya. Aliliongoza jarida hilo hadi alipofariki mwaka 1869.

Jarida hilo ndilo lililopata heshima ya kuchomwa hadharani. Mwaka 1861 Maurice Lachâtre, Mfaransa aliyekuwa uhamishoni na mwenye duka la vitabu Barcelona, aliagiza kwa Kardec shehena ya vitabu na majarida yapatayo 300, matoleo ya Revue Spirite yakiwemo. Shehena ilipita kwa halali na ushuru ukatozwa. Lakini kabla haijafika dukani, Askofu Antonio Palau aliitia mkononi, akasema maandiko hayo yanapinga imani ya Kikatoliki. Kardec akaomba basi yarudishwe Ufaransa. Akakataliwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba, kwenye uwanja wa Ciutadella ambako wahalifu walikuwa wakinyongwa, vitabu vilipangwa rundo. Padri alikuja amevaa mavazi ya ibada, mkono mmoja msalaba, mwingine mwenge. Alikuwepo mthibitishaji wa kuandika kumbukumbu ya tukio, walikuwepo watu wa forodha, na kundi kubwa la watu wakizomea. Moto ulipopungua, waliokuwa karibu walisogea wakachukua majivu na vipande vya kurasa ambavyo havikuungua vyote. Baadhi ya majivu hayo, pamoja na kipande cha kitabu kilichoungua nusu, yalifika Paris kwa Kardec, naye akayaweka katika chombo cha kioo. Habari yote ya tukio hilo akaichapa katika Revue Spirite lenyewe. Kwa hiyo anayemiliki juzuu ya mwaka 1861 anashika jarida linalosimulia kuchomwa kwake.

Vitabu vya Kardec havikufa. Vilivuka bahari hadi Brazil, na sensa ya mwaka 2010 iliwakuta huko watu wapatao milioni 3.8 waliojiandikisha kuwa wafuasi wa mafundisho hayo. Juzuu za Revue Spirite zimetafsiriwa Kireno mwaka baada ya mwaka, na familia huziweka sebuleni.

Sasa nirudi kwenye juzuu ya Mombasa. Chama cha Teosofia kiliundwa New York mwaka 1875 na watu kadhaa, wakuu wao wakiwa Helena Petrovna Blavatsky, Mrusi aliyezunguka dunia, na Henry Steel Olcott, kanali na mwanasheria Mmarekani. Wao hawakutaka kuongea na wafu tu. Walitafuta elimu ya ghaibu ya mataifa ya kale, hasa ya India. Mwaka 1879 wakahamia Bombay, na Oktoba mwaka huohuo wakatoa toleo la kwanza la The Theosophist. Toleo lilipotoka kiwandani walikaa na wenzao wakifunga nakala na kuandika anwani kwa mikono yao.

Masharti yao yalikuwa makali na ya wazi. Hakuna nakala ya bure, hata kwa maktaba. Lipa kabla, na fedha ikiisha jarida linasimama. Waandishi walikuwa Wazungu, Wahindu, Waparsi na Wabudha, bega kwa bega katika ukurasa mmoja wa safu mbili, jambo ambalo magazeti ya Kiingereza ya India ya wakati ule hayakulizoea. Mwishoni mwa 1882 makao yakahamia Adyar, Madras, na huko Olcott akaanzisha maktaba mwaka 1886. London nako, Septemba 1887, Blavatsky akaanzisha Lucifer, jina lililowatisha Wakristo wengi, ingawa kwa Kilatini maana yake ni mleta nuru. Warithi wake walilibadilisha mwaka 1897, likawa The Theosophical Review. Mkusanyaji asiyejua hilo huamini kwamba jarida lilikufa, kumbe limebadili nguo.

Mjalidi wa karne ya 19 alikuwa fundi, na fundi hufuata desturi ya kazi yake. Mteja alimletea matoleo 12 yakiwa na makava ya karatasi ya rangi. Yeye aliyatenganisha, akang'oa makava, akang'oa kurasa za matangazo mbele na nyuma, akazitupa. Alibakiza makala peke yake, akashona karatasi kwa uzi kwenye kamba za mgongo, akapaka gundi, akakata kingo zote tatu ziwe sawa, akavisha ngozi mgongoni na karatasi ya madoadoa ubavuni. Kitabu kikatoka kizuri, nacho kimepoteza nusu ya habari zake. Kwa maana matangazo ndiyo yaliyotuambia nani alikuwa akiuza dawa gani, kiti gani anapokea wageni siku ipi na kwa ada gani, mkutano ulifanyika chumba kipi. The Theosophist nalo lilikuja kuwa na nyongeza yenye kurasa zake za pekee, iliyobeba habari za matawi na za wanachama. Wajalidi wengine waliipeleka nyuma ya juzuu, wengine hawakuona sababu ya kuitia.

Hili linaniuma kila ninapolifikiria, na bado siwezi kumlaumu fundi yule. Bila uzi wake tusingekuwa na makala, wala matangazo. Wanaojua kazi hii leo, wakiletewa juzuu ya zamani, hawasomi kwanza. Hutazama kama makava yamo, kama kurasa zinafuatana, kama faharasa ya mwaka imetiwa, kama kisu cha mjalidi kilikata maneno ya pembeni. Juzuu iliyojalidiwa ovyo na mtu asiye na fedha, makava yakiwemo, huwa na thamani kuliko ile ya ngozi na dhahabu.

Mwingereza Aleister Crowley, mwandishi wa elimu ya ghaibu, alilimaliza tatizo hilo kwa namna yake. Jarida lake The Equinox, lililotoka London mara mbili kwa mwaka kati ya 1909 na 1913, lilizaliwa likiwa na majalada magumu. Matoleo ya miaka hiyo ni 10, na kila moja ni nene kama kitabu.

Wenye imani walihifadhi kwa mapenzi. Lakini mmoja wa waliohifadhi zaidi alikuwa mpinzani wao. Harry Houdini, mfanyamazingaombwe mzaliwa wa Budapest aliyejifungua pingu na minyororo mbele ya maelfu, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafichua viti wa uongo. Alihudhuria vikao akiwa amejibadili sura, na mwaka 1926 alitoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani. Na yeye huyohuyo alinunua kila karatasi ya harakati zile iliyompita mbele: vitabu, vijarida, mabango, barua. Nyumba yake ya Harlem, New York, ilijaa kutoka chini hadi juu.

Watu hudhani adui hukusanya ili aharibu. Houdini alikusanya kama mwanasheria anayejua kesi ni ndefu. Alijua kwamba Maggie Fox mwenyewe, mwaka 1888, alisimama jukwaani New York akakiri kwamba milio ya Hydesville ilikuwa ya viungo vya vidole vya miguu, kisha mwaka uliofuata akakana kukiri kwake. Katika mambo kama hayo aliye na karatasi ndiye mwenye neno. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1926, na mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge ya Marekani ikapokea kutoka kwenye urithi wake juzuu 3,988. Mwaka 1936 mkusanyo wa Harry Price, mchunguzi wa Kiingereza wa nyumba zenye mizimu, nao ukaingia Chuo Kikuu cha London. Mtafiti anayetaka leo kuandika kwa haki juu ya walioamini, mara nyingi huanzia kwenye rafu za wasioamini.

Rafiki wa zamani wa Houdini, Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, alikuwa upande wa pili. Mwaka 1925 alifungua London duka la vitabu vya mambo ya roho, jirani na Westminster Abbey, akaliendesha kwa hasara. Alileta imani yake hadi kwetu: katika safari yake ya Afrika ya 1928 na 1929 alipita Kenya.

Kisha ukaja mwezi Juni 1941. Rudolf Hess, naibu wa Hitler, alikuwa ameruka na ndege peke yake hadi Scotland mwezi uliotangulia, na wakuu wa Ujerumani wakawatupia lawama wanajimu na watu wa elimu ya ghaibu. Tarehe 9 Juni polisi wa siri walivamia nyumba zao nchini kote, wakakamata watu na kubeba maktaba zao. Maktaba za Wamasoni walikuwa wameshazipora tangu zamani. Nyingi zilisafirishwa mashariki zifichwe zisipigwe mabomu, na sehemu kubwa leo imo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Poznań, Poland. Lakini mkusanyo wa mtu wa kawaida, juzuu 20 au 30 alizozijalidi kwa mshahara wake, nani aliurudisha?

Kazi ya sasa inafanywa na watu wachache, wengi bila malipo. Wapo walioungana kuyatafuta majarida haya duniani kote, kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuyaweka wazi kwenye intaneti bila kumtoza mtu. Mara nyingine juzuu moja hujengwa kwa nakala nne: miezi mitatu kutoka maktaba ya Ulaya, mitano kutoka kwa mjane wa mkusanyaji, kava kutoka mnadani, na ukurasa mmoja uliokuwa umetumika kama alama ya kusomea ndani ya kitabu kingine.

Siku ile Mombasa niligeuza juzuu hadi nikakuta tangazo la bei. India, rupia 6 kwa mwaka. Ceylon, 7. China, Japani na Australia, 8. Afrika, Ulaya na Marekani, pauni 1. Nilihesabu kwa sauti: pauni wakati ule ilikuwa kama rupia 12, mara mbili ya bei ya Bombay.

Mzee akaweka kidole chini ya mstari ule. "Babu yangu alilipa 6," akasema. "Alikuwa na duka hapa chini. Akamwandikia ndugu yake Bombay ajiandikishe kwa jina lake kule, ayaweke mwaka mzima, kisha ayapeleke kwa mjalidi. Yakaja melini mara moja yakiwa kitabu."

Akakifunga. Akatoa kwenye droo utepe mweupe wa pamba, akauzungusha mara mbili ili jalada lisidondoke, akafunga fundo ubavuni, mbali na ngozi.